Usiitunze protea kama waridi

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu wa wapenda maua. Waliokosa wameiomba sana, basi nimeiandika yote kama nilivyoongea, picha tu ndo sijaziweka.

Habari zenu jamani. Kina mama, kina baba, vijana, na nyie mafundi wa kupanga maua mliokaa pale nyuma, asanteni sana kwa kuja. Sogeeni mbele kama nafasi ipo, kwa sababu hizi protea zilizoko hapa kwenye ndoo nataka mzione kwa karibu, na baadae mtazishika wenyewe.

Naanza na swali. Ni wangapi hapa mmewahi kununua protea, au kuletewa kama zawadi, mkaiweka kwenye chombo na maji masafi kabisa, alafu ndani ya siku nne tano majani yote yakawa meusi tii? Nyoosheni mikono. Ehe, angalieni hiyo mikono. Na ni wangapi mlipoona majani meusi mkasema basi, hii imekufa, mkaitupa? Mikono ile ile. Sasa sikilizeni. Ua lenyewe lilikuwa zima. Majani yameharibika ndio, lakini ua bado lina wiki nzima ya kuishi, pengine zaidi, na tumelipeleka jalalani. Wala siwalaumu, kwa sababu wengi wetu maua tumejifunzia kwenye waridi, tunajua waridi linataka nini na linachukia nini, alafu likija ua lililolelewa maisha mengine kabisa tunalipa matunzo yale yale na kubaki kushangaa.

Hilo ndo limenileta leo. Protea sio waridi. Ukitaka kujua protea ina maana gani, na ukitaka ikae mezani kwako wiki mbili na kuendelea, jua kwanza inaishije kule ilikotoka. Maana yake iko kule, na matunzo yake yako kule kule.

Basi twende Afrika Kusini.

Kule kusini magharibi, ile sehemu ya Rasi, kuanzia milima ya Cederberg kushuka Cape Town na kufuata milima ya pwani kwenda mashariki, kuna uoto wanaouita fynbos. Sio msitu. Ni vichaka, majani magumu, nyasi nyasi hivi, ukipita kwa gari haraka unaweza kudhani hakuna kitu. Shuka kwenye gari! Eneo lile lina aina 9,000 hivi za mimea, na karibu asilimia 70 ya hizo huzipati sehemu nyingine yoyote duniani. UNESCO waliliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Na humo ndani protea ndo wakubwa wa nyumba. Jenasi hii ya Protea, yaani ukoo wenyewe wa protea, peke yake ina aina zaidi ya 100, nyingi ziko Afrika Kusini, ingawa ndugu zao wachache wamepanda kaskazini mpaka kwetu, hata Kilimanjaro, ukishapita msitu ukaingia kwenye nyika ya juu, utakuta vichaka vya protea. Kubwa kuliko zote ni protea mfalme, hii hapa, kichwa chake kinaweza kufika sentimita 30 kwa upana. Na yale mnayoyaona kama petali sio petali, ni majani maalumu yaliyobadilika rangi yakalizunguka ua. Maua yenyewe ni haya ya katikati, madogo madogo, mamia kwa mamia, yamebanana kichwani. Kwahiyo ukimpa mtu protea moja umempa maua mamia. Muwakumbushe hilo wale wanaolalamika bei.

Sasa swali. Mnafikiri ua kubwa namna hii linaota kwenye udongo gani? Udongo mweusi, wenye rutuba, wenye samadi? Hapana. Linaota kwenye mchanga. Mchanga uliotokana na mawe ya kale ya milima ile, uliooshwa na mvua miaka na miaka mpaka virutubisho karibu vyote vimeondoka, fosforasi hasa. Na protea imejijengea mizizi ya kuishi hapo, karibu na uso wa udongo inatoa vishada vya vimizizi vyembamba vilivyosongamana, vinatoa asidi inayofungua ile fosforasi kidogo iliyobaki, wanainyonya yote, hawabakishi.

Namjua dada mmoja, mpenda maua kweli kweli, alipanda protea bustanini kwake akaipa kila kitu kizuri alichonacho. Samadi, mbolea ya dukani, akawa anapalilia mpaka chini ya shina udongo ulainike. Majani yakaanza kuungua pembeni, akadhani ina njaa, akaongeza mbolea. Ikafa. Ile mizizi haijui kukataa fosforasi, inanyonya tu mpaka inakuwa sumu, na ule upaliliaji ulikuwa unaikata mizizi yenyewe. Upendo wote ule! Kwahiyo nyie mtakaotaka kupanda, mchanga unaopitisha maji, jua, upepo, hakuna samadi, hakuna mbolea yenye fosforasi, na jembe likae mbali. Nalisema hilo kwa haraka kwa sababu leo tuko kwenye maua yaliyokatwa, lakini mnaona ninakoelekea? Unaweza kuua kitu kwa kukipa ulichopenda wewe kukipa.

Twende kwenye moto, na hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo kwenye moyo wa jambo lenyewe.

Fynbos inaungua. Kila baada ya miaka kumi mpaka ishirini hivi, kiangazi kikikolea na upepo ukivuma, mlima unawaka. Na watu wanapenda sana kusema, protea ni ua la ustahimilivu, linapita kwenye moto, mnaona zimeandikwa hivo kwenye kadi. Ni kweli. Lakini linapitaje? Umeshajiuliza? Kwa sababu ziko njia mbili na hazifanani hata kidogo.

Protea mfalme ana kisiki kinene chini ya ardhi, na kwenye kisiki hicho kuna machipukizi yamelala. Moto ukija unaunguza matawi yote, majani yote, juu panabaki majivu, ukiangalia unasema kwisha. Baada ya muda yale machipukizi yanaamka, yanatoboa majivu, mti ni ule ule, umerudi. Huyo ni wa kwanza.

Wa pili ni kama huyu, protea repens, wenyewe wanaiita suikerbos, kichaka cha sukari, ina mbochi nyingi, yaani yale maji matamu ya ua, kiasi kwamba zamani watu wa Rasi walikuwa wanaukung'uta, wanauchemsha mpaka unakuwa sharubati nzito na kuutumia kwa kifua na kikohozi. Repens haina kisiki cha kuchipua. Moto ukipita repens inakufa, inakufa kabisa, mizizi na yote. Lakini miaka yote ile ilipokuwa hai ilikuwa inafunga mbegu zake ndani ya vichwa vikavu, haiziachii, inakaa nazo juu ya matawi msimu baada ya msimu. Siku mama anapokufa kwa moto ndo vile vichwa vinakauka na kufunguka, mbegu zinamwagika kwenye majivu, upepo unazisambaza, mvua za baridi zikija zinaota. Sehemu ina jua, haina wa kuwafunika, wanaanza upya wote kwa pamoja.

Mmeona tofauti? Mmoja anapona yeye mwenyewe. Mwingine haponi, wanapona watoto wake.

Mimi nikiulizwa protea ina maana gani nawarudisha hapo. Rafiki yako ametoka hospitali, amepata nafuu baada ya ugonjwa mzito, mpelekee protea mfalme, ndo yeye, ameungua juu na mzizi umebaki. Lakini nyumba yenye msiba, familia iliyompoteza mzazi aliyewatunza wote, pale usiende na maneno ya kwamba utanyanyuka tena, aliyekwenda hanyanyuki. Pale peleka repens. Na ukiweza waambie kwa sentensi mbili kwa nini umeleta hiyo, utaona nyuso zao. Nimeona mjane mmoja akilishika lile ua muda mrefu baada ya kuelezwa, alafu akawaita wanawe waje walione.

Na niongeze hili maana ni muhimu, sio kila moto ni mzuri. Moto ukirudi mapema mno, kabla repens changa hazijakomaa na kufunga mbegu, hakuna kilichohifadhiwa, na sehemu ile inabaki bila protea. Wanaosimamia zile hifadhi wanahangaika sana na hilo, kwa sababu binadamu wamesogea karibu na mioto imezidi. Kwahiyo tusiwaambie watu walioungua juzi tu kwamba moto unajenga. Muda unahitajika kati ya moto na moto.

Mbegu za jamii hii zinajua kusubiri kuliko mnavyofikiri. Mwaka 1803 mfanyabiashara Mholanzi, Jan Teerlink, alipita Rasi akakusanya mbegu za aina 32, akazifunga kwenye vipakiti vya karatasi, akaziweka ndani ya daftari lake. Njiani meli ikakamatwa na Waingereza, mali na karatasi zote zikachukuliwa, daftari likaishia kwenye nyaraka za serikali London na likasahaulika. Mwaka 2005 mtafiti akalifungua. Mbegu zikapelekwa kwa wataalamu wa Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya Uingereza, wanaohifadhi mbegu, wakajaribu kuziotesha bila matumaini makubwa, na aina tatu zikaota! Mojawapo ilikuwa Leucospermum, huyu binamu wa protea ambaye nyie mafundi mnamjua, yule wa vipini vipini vya rangi ya chungwa. Miaka 200 na zaidi, haikuhifadhiwa kwenye baridi wala kwenye chombo maalumu, ilikuwa kwenye karatasi tu.

Sasa maana ya protea kwa wenye nchi yao. Protea mfalme ilifanywa ua la taifa la Afrika Kusini mwaka 1976. Fikirini mwaka huo, 1976, huo ndo mwaka wa watoto wa shule wa Soweto walioandamana wakapigwa risasi. Ua lilichaguliwa wakati nchi imegawanywa na sheria za ubaguzi. Alama nyingi za wakati ule zilipofika miaka ya 1990 zikaleta ubishi mkubwa, nyingine zikaondolewa, bendera ikabadilishwa. Protea haikuondolewa. Timu ya kriketi ikaachana na swala wa springbok aliyekuwa anabeba kumbukumbu chungu, ikachukua protea, mpaka leo jina la timu ni Proteas. Na nembo mpya ya taifa ilipozinduliwa tarehe 27 Aprili 2000, siku ya uhuru, protea ikawekwa katikati na juu yake ndege karani amekunjua mabawa. Kwa nini ua limevuka na vingine havikuvuka? Mimi naamini ni kwa sababu lilikuwepo kabla ya wote waliokuja kugombana juu yake, na hakuna kundi linaloweza kusema ni langu peke yangu. Na maumbo yake ni mengi tofauti. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea karne ya 18, alipoona zinavyotofautiana akalipa jina la Proteus, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale aliyekuwa anajigeuza umbo atakavyo.

Nyie vijana mnaofuata michezo mnakumbuka Juni 2025, fainali ya dunia ya mechi ndefu za kriketi, pale Lord's, London, Afrika Kusini na Australia. Miaka 27 timu hii ilikuwa haijachukua kombe kubwa la dunia la kriketi, tangu 1998, imeitwa kila jina baya, timu ya kushindwa dakika za mwisho. Raundi ya kwanza wakatolewa wote kwa mikimbio 138. Kila mtu akasema yale yale. Alafu wanahitaji 282 kushinda, na nahodha Temba Bavuma, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu hiyo ya mechi ndefu, msuli wa paja umemuuma, anachechemea, akagoma kutoka, akasimama na Aiden Markram wakajenga, Bavuma 66, Markram 136, wakashinda. Na kwenye kofia zao, kwenye vifua vyao, nini? Protea. Niliangalia ile mechi nikiwa nimesimama.

Kuna maana moja ndogo nayo niiseme, ya mapenzi. Binamu mwingine, Serruria florida, ua laini jeupe lenye wekundu kidogo wa waridi, linatoka milima ya Franschhoek tu, na kuna muda wataalamu hawakuliona zaidi ya miaka 100 mpaka wakadhani limetoweka, likaonekana tena mwishoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba vijana wa kule wakienda kumchumbia binti walilivaa kifuani, na kadiri linavyoelekea kwenye wekundu ndivyo nia yake ilivyo ya kweli. Sasa hivi linalimwa na maharusi wanalishika sana. Tuendelee.

Nirudi kwenye majani meusi, maana niliwaahidi.

Kule Rasi kuna ndege anaitwa sugarbird. Rangi ya udongo udongo, manjano chini ya mkia, na dume ana mkia mrefu kupita mwili wake, upepo ukivuma unapeperuka juu ya kichaka. Huyu maisha yake ni protea. Anazaa majira ya baridi wakati protea nyingi zimechanua, anajenga kiota humo humo kwenye kichaka cha protea na ndani anakitandika zile nywele laini za mbegu za protea. Akiinama kunywa mbochi chavua inamganda kwenye paji la uso, anaipeleka kwenye ua lingine. Ndege chozi nao wanakuja, mbawakawa wanakuja, na kuna protea zinazotoa maua chini kabisa usawa wa ardhi, zinanuka kama hamira, na miaka ya 1970 watafiti wakagundua wageni wao ni panya, usiku! Kila mmoja na mgeni wake. Lakini wote wanalipwa kwa kitu kimoja, mbochi, yaani sukari.

Na sukari hiyo inatoka wapi? Kwenye majani. Jani linatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, ua linaivuta. Kichakani hakuna shida, jua lipo, jani linatoa na linatengeneza nyingine. Sasa kata shina. Liweke kwenye boksi, gizani, lisafiri. Ua halijui kwamba limekatwa. Linaendelea kuvuta sukari kutengeneza mbochi kama mama aliyejaza meza akimsubiri mgeni ambaye hafiki. Jani halina mwanga, haliwezi kutengeneza nyingine, linakamuliwa mpaka linaishiwa kabisa, chembe zake zinavunjika, vilivyokuwa vimetenganishwa ndani vinachanganyika na hewa, jani linakuwa jeusi. Sio ugonjwa, sio maji machafu, sio uzee. Watafiti wamejaribu kukikata kichwa cha ua na kuacha majani kwenye shina, na majani yakakaa kijani muda mrefu zaidi. Mnaona? Ua ndo linakula majani yake lenyewe ili ndege apate kinywaji.

Mimi tangu nilipolijua hilo siwezi tena kuangalia jani jeusi la protea nikachukia.

Kwahiyo tufanye nini? Mwanga. Hilo la kwanza na la pili na la tatu, mwanga! Waridi tunalificha gizani kwenye ubaridi likae, protea ukiificha gizani ndani ya nyumba umelikamua. Iweke karibu na dirisha, mwanga mwingi, lakini sio kwenye jua kali la mchana linalopiga kioo, kwa sababu joto nalo linaharakisha kila kitu. Mwanga mwingi, ubaridi kiasi. Mkisafirisha ndo mbaridishe kabisa, kwenye nyuzi chache juu ya sifuri, kwa sababu kwenye boksi mwanga hamna na baridi inapunguza ile kasi ya kuvuta.

Pili, sukari. Kijiko kidogo kimoja kwa lita moja ya maji, na matone machache ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu ukiweka sukari bila klorini umewafugia bakteria na wataziba shina. Usizidishe ukidhani nyingi ni bora. Kama una ule unga wa kulishia maua yaliyokatwa unaouzwa madukani tumia huo, una vitu vyote viwili.

Tatu, kukata. Mkasi wa kupogolea, mkali, maana hili ni shina la mti, kisu cha jikoni kitalisaga. Punguza sentimita mbili tatu kwa mshazari na utie majini hapo hapo. Na naomba ile tabia ya kuponda ncha ya shina kwa nyundo tuiache, wengi mmefundishwa hivo kwa mashina magumu, unachofanya ni kuvunja mirija na kuongeza uchafu kwenye maji. Toa majani yote yatakayokuwa chini ya maji. Hata ya juu punguza kiasi. Na maji jaza, protea inakunywa sana, siku ya kwanza na ya pili angalia chombo asubuhi na jioni, ukikuta yameshuka usishtuke, ongeza. Kila siku mbili badilisha yote na ukate shina tena kidogo. Chombo kiwe kizito, vichwa hivi vinaangusha vyombo vyepesi, sio mara moja nimeona.

Mafundi, kuna ujanja mmoja wa ziada kwa zile zinazoathirika sana, kama neriifolia hii yenye manyoya meusi kwenye ncha. Chini kidogo ya kichwa cha ua, kabla ya majani, menya gamba la shina kuzunguka, pete nyembamba, usifike kwenye mti wa ndani. Maji yanapanda kwa ndani kama kawaida lakini sukari inayopita kwenye gamba inazuiwa isiende kwenye ua. Majani yanakaa kijani zaidi. Inataka mkono uliotulia, fanyieni mazoezi kwenye mashina yaliyovunjika.

Na ikiwa pamoja na yote majani yameshakuwa meusi? Yatoe! Yote. Acha ua na shina tupu, changanya na majani ya mmea mwingine, mpangilio unaendelea. Tafadhalini sana, msitupe.

Kwenye kununua, msichague iliyofumba kabisa mkidhani mtaifungua nyumbani, ikikatwa ikiwa imefumba mno haifunguki. Tafuta iliyoanza kulegea pale nje tu. Muulize muuzaji imekaa siku ngapi kwenye boksi, hilo ni muhimu kuliko imekatwa lini. Ipindue, ikung'ute, mbawakawa wakitoka usipige kelele, hao ni wenyeji. Usimwagie maji kichwani, yanakaa ndani na kuleta ukungu. Na kama uko kule kule Rasi unatembea mlimani, usichume. Protea za porini zinalindwa kisheria, kuchuma kunataka kibali na ruhusa ya mwenye ardhi, na hata pasingekuwa na sheria, mmeshasikia kuhusu zile mbegu za repens, ukikata kichwa umeondoa na watoto.

Mwisho kabisa, wiki mbili zikipita ukaona imeanza kuchoka, acha maji yaishe yenyewe kwenye chombo, usiongeze, au ifunge kichwa chini sehemu kavu yenye hewa wiki kadhaa. Protea mfalme na repens zinakauka vizuri, umbo linabaki, rangi tu inaelekea kahawia. Zile za vipini hazikauki vizuri hivo, hizo zifurahieni zikiwa mbichi.

Haya, mikasi iko mezani na ndoo ziko hapa. Kila mmoja achukue shina moja, tunakata kwa mshazari, na maswali mniulize huku tunafanya.